“Nyoosha Mgongo”: Uhakiki wa Istilahi za Mazoezi ya Nguvu kwa Wanamashua

Utangulizi

Mijadala ya istilahi katika lugha yetu kwa kawaida huhusu istilahi za kueleza. Istilahi ya sheria, ya benki au ya kemia hutaja dhana, huifafanua, na kuitenga na dhana jirani. Lakini iko aina nyingine ya istilahi ambayo haijapewa uzito unaostahili, nayo ni istilahi ya kuamrisha. Msomaji wake hakusudii kujua tu bali kutenda, na mara nyingi hutenda akiwa peke yake, pasipo mwalimu wa kumsahihisha. Akiielewa visivyo, hasara haiishii karatasini, humpata mwilini.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za namna hiyo katika uwanja mmoja mdogo: maelekezo ya mazoezi ya nguvu, na ya kujikinga na maumivu ya mgongo, kwa watu wanaoendesha mashua za tanga kwa kujifurahisha. Uwanja huu ni mdogo lakini si wa kubuni. Klabu za mashua zipo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Kilifi. Mashindano ya ngalawa na ya mashua hufanyika Unguja na Lamu. Kati ya wanaoingia chomboni mwisho wa juma wamo watu wa ofisini, ambao hukaa kitini siku tano na kuvuta kamba siku ya sita. Mgongo uliozoea kiti hudaiwa ghafla kazi ya baharia.

Mwandishi wa makala haya aliombwa kufasiri waraka mfupi wa maelekezo hayo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa sahihi kwa mizani ya kamusi. Iliposomwa mbele ya wanamashua kadhaa, nao wakatakiwa watende kila sentensi kama walivyoielewa, ilidhihirika kwamba sentensi nyingi ziliwatendesha lisilokusudiwa, na chache ziliwatendesha kinyume chake kabisa. Uhakiki huu, basi, unaanzia kwenye makosa ya mwandishi mwenyewe.

Jina la mtendaji

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina la anayeambiwa. “Baharia” ni mtu ambaye bahari ni kazi yake. Tukimwongezea sifa na kumwita “baharia wa starehe”, tunapata maana ambayo kila msomaji wa bandarini ataicheka, kwa kuwa starehe za baharia zinafahamika kuwa za nchi kavu. Jaribio la kuuita mchezo wenyewe “mchezo wa matanga” lilizidi kuwa baya. Tanga moja ni kitambaa cha chombo. Yakiwa mengi, msikilizaji husikia pia siku za maombolezo. Hakuna mwalimu atakayewaalika vijana kwenye mchezo wa matanga na asiulizwe ni nani aliyefariki.

Hapa inapendekezwa “mwanamashua”, kwa mfano wa mwanamichezo na mwanasiasa, na “matembezi ya mashua” kwa shughuli yenyewe. Neno “mashua” halikidhi kila umbo la chombo, lakini halimpotoshi mtu.

Kazi inayofanywa na mgongo

Mfasiri hawezi kuchagua neno la tendo kabla hajaielewa kazi inayotendwa. Mgongo wa mwanamashua hupata taabu kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni kunyanyua: nanga, ndoo, mtungi wa mafuta, au mashua yenyewe inapovutwa pwani. Ya pili ni kuvuta huku mtu amejisokota kiunoni, kama anapovuta jarari au demani akiwa ameketi upande mmoja na uso ameuelekeza upande mwingine. Ya tatu ni kudumu katika hali moja kwa muda mrefu, na hali kuu ni ile ya mashua ndogo za mashindano, ambamo mtu huketi ukingoni, hupachika miguu chini ya mkanda, na kukitoa kiwiliwili nje ya chombo ili mashua isipinduke.

Kanuni ya njia ya kwanza ni ile ya wenzo. Tuchukue nanga ya kilo 20 iliyoshikwa sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo. Misuli inayouinua mgongo hupita sentimita tano hivi tu nyuma ya mahali unapojipindia. Kwa hiyo misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa kani ya mara kumi ya uzito wa nanga, yaani sawa na uzito wa kilo 200, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Nanga hiyo ikisogezwa hata ikawa sentimita 25 tu kutoka mgongoni, kani hiyo hupungua kwa nusu. Ushauri wote wa “usogeze mzigo karibu” umejengwa juu ya hesabu hii. Mwalimu wa fizikia anayo tayari maneno wenzo, kani na uzito; hapana sababu ya waraka wa mazoezi kuyatumia yote matatu kwa neno moja “nguvu”, kama ilivyofanya rasimu yetu.

“Nyoosha” na “inama”

Sentensi ya kwanza ya rasimu ilisema: “Nyoosha mgongo unapoinua mzigo.” Iliyokusudiwa ni kwamba mgongo usipinde. Lakini “kunyoosha mgongo” katika matumizi ya kila siku ni kujilaza ili kupumzika. Ndivyo asemavyo mtu aliyerudi shambani. Kwa mwanafunzi wa mazoezi ya viungo ni kujinyosha, yaani kuivuta misuli. Mmoja wa wasomaji wetu alifanya hilo la pili: alijivuta nyuma mpaka kiuno kikabonyea, kisha ndipo akashika mzigo. Hakukosea. Neno ndilo lililomwamuru hivyo.

“Inama” nalo lina taabu yake. Linasema tu kwamba kichwa kishuke. Halisemi kiungo gani kipinde. Anayeinama kwa kuukunja mgongo na anayeinama kwa kukunja nyonga wote wameinama, na kwa afya ya kiuno tofauti yao ni kubwa. Hapa mfasiri hujaribiwa kuunda neno jipya, kwa kudhani kuwa lugha haina dhana hiyo. Lakini maelfu ya watu wa pwani huitenda dhana hiyo kila siku. Katika rukuu, mwenye kusali hufundishwa akunje nyonga, aweke viganja juu ya magoti, na mgongo wake uwe tambarare. Huko ndiko kuinama kunakotakiwa na mwalimu wa mazoezi. Haimaanishi kwamba neno la ibada ligeuzwe kuwa istilahi ya michezo. Halingefaa kwa wasomaji wote, wala heshima yake haitaki hivyo. Lakini linatuonyesha mahali pa kuanzia: “kunja nyonga, mgongo ubaki tambarare”. Maneno ni matano, yote ya kawaida, na kila aliyeyasikia alitenda sawasawa.

Kwa mzigo ulioko chini kabisa, “chuchumaa” linatosha. Halihitaji maelezo, wala halina budi kubadilishwa na fungu la maneno kama “kunja magoti kwa kiwango cha chini”.

“Jikaze”, “uvumilivu” na hatari ya maneno ya uadilifu

Katika mazoezi ya nguvu liko agizo la kuikaza misuli yote inayozunguka kiuno kabla ya kunyanyua, mbele, ubavuni na nyuma, ili uti wa mgongo upate nguzo. Rasimu ilisema “jikaze”. Lakini Mswahili anapoambiwa ajikaze, huambiwa avumilie maumivu. Ndivyo anavyoambiwa mtoto anayechomwa sindano na kijana aliyeko jandoni. Agizo la kujikinga na maumivu liligeuka kuwa agizo la kuyastahimili. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote yaliyopatikana katika rasimu, kwa maana anayeyavumilia maumivu ya kiuno chini ya mzigo ndiye anayeumia zaidi.

Vivyo hivyo “uvumilivu wa misuli”. Dhana inayohitajiwa ni uwezo wa msuli kuendelea kufanya kazi bila kuchoka upesi. Dhana hii si ya pembeni. Mwaka 1984 daktari wa Denmark, Fin Biering-Sørensen, alichapisha matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba wanaume ambao misuli ya migongo yao iliweza kuidumisha hali moja kwa muda mrefu zaidi walielekea kutopatwa na maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata. Kwa mwanamashua aliyekitoa kiwiliwili nje ya chombo, kudumu huku ndiko kazi yenyewe. Lakini “uvumilivu” ni sifa ya moyo. Tunapendekeza “udumifu wa msuli”, na “nguvu” ibakie kwa uwezo wa kushinda mzigo mkubwa kwa mara moja. Mwenye nguvu huenda asiwe na udumifu, na kinyume chake. Lugha iliyoziunganisha dhana hizi mbili haiwezi kumfundisha mtu ni ipi anayoikosa.

Kwa agizo la kukaza, yafaa kusema “kaza kiwiliwili, kama mtu anayetarajia kusukumwa”. “Kaza tumbo” peke yake halitoshi, kwa sababu wengi hulivuta tumbo ndani kana kwamba wanapigwa picha.

Kiini, kiwiliwili, na jina la mbwa

Lugha za kigeni hutumia neno lenye maana ya kiini cha tunda kutaja misuli ya sehemu ya kati ya mwili. Neno hilo limeanza kuingia kwetu kwa tafsiri ya moja kwa moja: “misuli ya kiini”. Msomaji anayejua kiini cha yai na kiini cha habari hataijua misuli hiyo mahali ilipo. Na lugha ina neno lililokamilika: “kiwiliwili”, yaani mwili bila kichwa, mikono na miguu. “Misuli ya kiwiliwili” haihitaji kufafanuliwa.

Majina ya mazoezi yenyewe yanadai uangalifu huohuo. Mtafiti wa Kanada, Stuart McGill, ambaye alifanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Waterloo, amependekeza mazoezi matatu kwa ajili ya kiuno. La kwanza, mtu hulala chali, goti moja limekunjwa, viganja viko chini ya kiuno, kisha huinua kichwa na mabega kidogo tu bila kukunja mgongo. La pili, hulala ubavu na kuuinua mwili juu ya kigasha na magoti, au juu ya kigasha na nyayo. La tatu, hupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha hunyosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma. Kila mara hali hushikiliwa kwa sekunde 10 hivi, si kwa dakika nzima, na marudio huongezwa kadiri udumifu unavyokua.

Zoezi la tatu kwa Kiingereza limepewa jina la mbwa wa kuwindia ndege, ambaye akiona windo husimama kimya na kuelekeza pua yake. Mfasiri wa haraka aliandika “ndege-mbwa”. Mbwa huyo hajulikani katika uwindaji wetu, na mnyama aliyetokana na tafsiri hiyo hajulikani popote. Jina “mkono na mguu mkabala” huonyesha tendo, na hilo ndilo jukumu la jina la zoezi.

Isidhaniwe kwamba kila tafsiri ya moja kwa moja ni mbaya. Zoezi la pili huitwa kwa jina la ubao. Kwa watu wa mashua, ubao ni kitu kilichonyooka, kigumu, kinachobeba uzito pasipo kubonyea. “Ubao wa ubavu” ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo ni njema. Kipimo si asili ya jina bali kile ambacho msomaji hutenda alisikiapo.

Uti, mshipa na jeraha

Mpaka hapa tumeshughulika na vitenzi. Nomino za mwili zina hatari ya namna nyingine, nayo ni kutisha bila sababu, au kutuliza pasipostahili.

“Uti wa mgongo” hutumiwa kwa safu ya mifupa, na pia kwa ugwe wa fahamu uliomo ndani yake. Tena, kwa wananchi wengi fungu hilo husikika zaidi katika “homa ya uti wa mgongo”, ambayo ni maradhi ya kuua. Mwanamashua aliyeumwa kiuno akiambiwa kwamba “uti wa mgongo umeathirika” hana njia ya kujua ni lipi kati ya matatu. Na tofauti ni kubwa. Safu ya mifupa ina pingili 24 zinazocheza: saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno. Ugwe wenyewe kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hupita mizizi ya neva. Mahali ambapo wengi huumia, penye pingili mbili za mwisho za kiuno, hapana ugwe. Inafaa basi “uti wa mgongo” liwe la mifupa, na “ugwe wa mgongo” liwe la fahamu.

“Mshipa” nalo ni la damu, ni la fahamu, na katika mazungumzo ni msuli, na pia ni maradhi ya wanaume. “Mshipa wa kiuno umevutika” ni kauli inayoeleweka na kila mtu, kila mtu kwa njia yake. Katika maandishi ya maelekezo yafaa kutenga: mshipa wa damu, neva, msuli, kano.

“Jeraha” ni neno la tatu. Kwa matumizi ya wengi, jeraha ni pale ngozi ilipochanika. “Kuzuia majeraha ya mgongo” humfanya msomaji afikiri juu ya misumari na magamba ya chaza. Waundaji wa istilahi hupenda nomino, na kutoka “kuumia” wangeweza kushawishika kutoa “umio”, lakini hilo tayari ni njia ya chakula kooni. Jawabu ni kukiacha kitenzi kifanye kazi yake: “kujikinga usiumie mgongo”.

Si kila utata ni kosa. “Demani” ni kamba ya tanga, ni upande wa chombo usioelekea upepo, na ni msimu wa mwaka. Hapana nahodha aliyepotea kwa hilo, kwani muktadha huamua. Utata wa “uti wa mgongo” hauamuliwi na muktadha, maana muktadha wa maana zote tatu ni mmoja: mtu mwenye maumivu anayetaka kujua ana nini. Akiogopa, hulala. Na kulala sana si dawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulilinganisha wagonjwa wa kiuno walioshauriwa kupumzika kitandani siku mbili na walioshauriwa siku saba. Wa siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi, wala hali yao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Ushauri wa siku hizi ni kuendelea kujongea kadiri iwezekanavyo. Neno linalotisha bure humrefushia mtu ugonjwa.

Kwa upande mwingine, dalili za hatari hazina budi kutajwa waziwazi, pasipo haya inayoficha maana: ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu kulegea. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja. Rasimu yetu, kwa kufuata asili ya kigeni, ilisema “ganzi sehemu ya tandiko la farasi”. Msomaji asiyepanda farasi angeipita dalili hiyo akidhani haimhusu.

Hazina iliyokwisha kuwapo

Liko neno moja ambalo mfasiri hakulikumbuka hata alipokumbushwa na mzee mmoja wa mashuani: “kutweka”. Tanga hutwekwa, na mzigo pia hutwekwa kichwani. Na vyote viwili hutuliwa. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyahifadhi maneno mengi ya namna hii ya pwani. Aliye na mzigo mzito humwambia mwenziwe “nitweke”, na afikapo humwambia “nitue”. Katika neno hilo imo kanuni nzima ya usalama: mzigo mzito hauinuliwi na mtu mmoja, na kuushusha ni kazi inayohitaji msaada sawa na kuupandisha. Rasimu ilikuwa na sentensi ya maneno 14 kuhusu “kushirikiana na mtu wa pili katika zoezi la unyanyuaji”. Sasa inasema: “Nanga nzito, mwambie mwenzio akutweke, usione haya.”

Kadhalika kwa ile hali ya kukitoa kiwiliwili nje ya mashua. Chombo chenye upepo mwingi hulala upande wa demani. Wanamashua walipoulizwa mtu hufanyaje ili kukisimamisha, walijibu kwamba “hulalia joshi”. Istilahi hiyo haikuundwa na kamati, nayo inaonyesha upande, tendo na sababu.

Mapendekezo

Kutokana na yaliyotangulia, yafuatayo yanaletwa mbele ya wasomaji ili yahakikiwe:

(a) mazoezi ya nguvu: kazi ya kuiimarisha misuli kwa mzigo au kwa uzito wa mwili; yasiitwe “kunyanyua vyuma” wala “kutunisha misuli”, ambayo ni michezo mingine na humfukuza mtu wa makamo aliye na haja nayo;

(b) udumifu wa msuli: uwezo wa kuendelea; usiitwe uvumilivu;

(c) mkupuo na marudio: mkupuo ni fungu moja la marudio kabla ya kupumzika;

(d) kiwiliwili: badala ya “kiini”;

(e) kukunja nyonga: kuinama pasipo kupinda mgongo;

(f) kulalia joshi: kukitoa kiwiliwili nje ya mashua upande unakotoka upepo;

(g) uti wa mgongo kwa mifupa, na ugwe wa mgongo kwa fahamu.

Zaidi ya orodha hii, tunapendekeza utaratibu. Istilahi ya kueleza huweza kupitishwa mezani na wataalamu waliokaa. Istilahi ya kuamrisha isipitishwe hivyo. Asomewe mtu ambaye hakuiona rasimu ya kigeni, aambiwe atende, na mfasiri amtazame bila kusema neno. Akitenda lililokusudiwa, istilahi imefaulu hata kama ni ya kawaida mno. Akitenda jingine, imeshindwa hata kama ni sanifu. Utaratibu huu unafaa pia kwa maelekezo ya dawa, ya mitambo, ya kuzima moto na ya uzazi, ambako watumishi wa serikali hutoa nyaraka kila mwaka. Haugharimu chochote isipokuwa mfasiri kukubali kusimama pembeni na kuona kosa lake likitendwa mbele ya macho yake.